Usiku mmoja Mtae: nyota za Orion zimekuwa vijiti, za Wingu la Magellan zimetoka vitone. Nini kimetokea?

#1 MwanaMlalo
Wakuu salama? Niende moja kwa moja.

Mwisho wa Januari, siku ambazo mwezi haupo angani, nilipanda Mtae, pale Usambara Magharibi mlima unapokatika ghafla ukaiona nyika ya Mkomazi kule chini. Vyote nilibeba mgongoni: kamera ya sensa ndogo ya megapikseli 24, lenzi ya mm 200, traka ndogo ya kuzungusha kamera ifuate anga, tripodi ya alumini, pawabenki na blanketi.

Anga ilifunguka saa mbili usiku. Nikaanza na Nebula ya Orion, lile wingu la gesi ndani ya kundi la nyota la Orion: shata sekunde 60, f/4, ISO 1600, mfululizo mpaka kama saa nne na nusu. Ukungu ukapita, nikanywa chai, saa sita nikageukia Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwa mpangilio uleule. Miguu ya tripodi sikuigusa, mhimili wa traka sikuugusa.

Kufungua kompyuta nyumbani: Orion nyota nyingi ni vijiti. Si picha zote, zinakuja chache safi kabisa halafu zinafuata mbovu. Magellan karibu zote ni vitone vya duara. Lenzi ileile, sekunde zilezile. Kwa akili yangu zilitakiwa ziharibike zote au zipone zote. Nani ananielewesha?

#2 Tumbo Joto
Uzi wa picha usio na picha. Mkuu unatupima?

#3 MwanaMlalo
@Tumbo Joto nimeambatisha vipande viwili, havijachezewa.

#4 Fundi Saa
Jibu ni fupi: hukulenga mhimili. Traka inafanya kazi pale tu mhimili wake unapoelekea ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaizunguka. Mtae iko digrii 4 na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko digrii 4 na nusu tu juu ya upeo wa macho. Ukiwa pale Mtae, upande wa kusini una nini? Vilima vya Usambara vyenyewe. Hukuiona, ulikisia. Ukikisia, vijiti.

#5 Chuma Chakavu
Si angetumia tu Polaris, ile nyota ya ncha ya kaskazini? Kila video ninayoangalia wanatumia Polaris, dakika mbili kazi imeisha.

#6 Nanyuki Kwa Laini
@Chuma Chakavu Polaris ukiwa Usambara iko chini ya ardhi, bana. Chimba. Hata sisi huku Nanyuki, ikweta inapitia mjini, ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, moja kila upande. Hizo video zimetengenezwa na watu wanaoishi digrii 45 kaskazini.

#7 Chuma Chakavu
Sawa, nimekoma. Basi kusini hakuna nyota ya namna hiyo?

#8 Fundi Saa
Ipo, Sigma Octantis, lakini ung'avu wake ni wa daraja la 5.5, kwa macho ni ya kutafuta hata ikiwa juu. Ikiwa digrii 4 juu ya upeo, mwanga wake unapita kwenye hewa nene mara kumi na zaidi ya ile ya utosini. Haionekani, hata kama vilima hivyo visingekuwepo.

#9 MwanaMlalo
@Fundi Saa kweli sikuiona. Nilitumia dira na kipimo cha mwinamo cha simu. Mwinamo niliweka 4.5, kusini nikalenga kwa dira. Swali langu linabaki palepale: mhimili ule uleule mbona Magellan imepona?

#10 Jebel Man
Salaam kutoka Oman. Wikiendi za baridi mimi hupanda Jebel Shams, Polaris iko digrii 23, naiona ikinikonyeza, nalenga huku nakunywa kahawa. Poleni sana watani.

#11 Nanyuki Kwa Laini
@Jebel Man tuonyeshe basi Wingu la Magellan la huko kwako.

#12 Jebel Man
Umenipata. Kutoka digrii 23 kaskazini halichomozi kabisa, hata dakika moja. Nyie mnayapata Magellan yote mawili na Andromeda juu yake. Ndiyo maana nikija likizo Unguja mzigo wa kwanza kwenye begi ni lenzi.

#13 Hesabu za Usiku
Kabla hamjaendelea kugombania mhimili, tupime vijiti vyenyewe. Urefu wa kijiti unasema mengi.

Lenzi ya mm 200 na sensa ya namna hiyo, pikseli moja inafunika kama sekunde 4 za tao (digrii moja ina sekunde za tao 3,600). Anga inazunguka sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa. Kwa hiyo:

Traka ikiwa imezimwa, sekunde 60 zinakupa kijiti cha pikseli 225 hivi. Swichi ya N na S (kaskazini na kusini) ikiwa upande usio wake, traka inazunguka kinyume, kijiti kinakuwa mara mbili ya hicho, 450. Ukiweka kasi ya mwezi badala ya ya nyota, kama pikseli 8. Ukiweka kasi ya jua, haifiki hata pikseli moja, huwezi kuiona. Mhimili ukikosewa kwa digrii moja, pikseli 4 kwa makisio mabaya zaidi.

Mleta uzi, kuza picha uhesabu, utuambie.

#14 MwanaMlalo
Mkuu heshima. Nimehesabu: vile virefu ni pikseli 10 mpaka 12. Vifupi 5 au 6. Swichi ilikuwa S, na kasi ni ya nyota, nimehakikisha.

#15 Fundi Saa
Pikseli 12 ni kosa la digrii 3 kwa hesabu ya #13. Dira ya simu iliyo karibu na tripodi na pawabenki kukosea digrii 3 ni kitu cha kawaida kabisa. Kesi imefungwa.

#16 Mama Tofali
Jamani samahani. Hiyo traka bei gani?

#17 Fundi Saa
Mpya inapita milioni moja, kabla ya usafiri na ushuru.

#18 Mama Tofali
Milioni ya kuifuata nyota isiyokwenda popote! Hiyo ni mifuko ya simenti hiyo. Nafuatilia lakini, picha ni nzuri.

#19 Hesabu za Usiku
@Fundi Saa usifunge kesi bado. Mhimili ukiwa umepotea mashariki au magharibi, nyota inayokata mstari wa kaskazini–kusini inahamia juu au chini kwa kasi ileile, iwe Orion iwe Magellan. Na hivi vitu viwili vinakata mstari huo karibu kwa wakati mmoja, vimepishana dakika kumi na kidogo. Angevipiga saa moja, vyote vingeharibika sawasawa. Kosa la mhimili peke yake haliokoi Magellan.

#20 Fundi Saa
Umesema mwenyewe: "angevipiga saa moja." Hakuvipiga saa moja. Orion kaipiga ikiwa utosini, Magellan saa mbili unusu baadaye, imeshalalia magharibi. Pale kosa la dira linapungua nguvu na kosa la mwinamo linaanza kufanya kazi. Kwenye mvuto wa kaskazini–kusini yanaweza hata kufutana.

#21 Hesabu za Usiku
Kaskazini–kusini yanaweza, ila karibu na ncha mvuto wa mashariki–magharibi unabaki. Tena hilo halielezi picha safi zilizochanganyika na mbovu kwenye Orion ileile. Kosa la mhimili halipumziki. Haliwezi kukupa picha tatu safi halafu likakumbuka kazi.

#22 Gia Kuukuu
Nimesubiri mtu aseme hivyo. Ni gia.

Traka nyingi za kubebeka zina gia kubwa inayosukumwa na parafujo. Gia ikiwa na meno 144, parafujo inamaliza mzunguko mmoja kwa karibu dakika 10, na hakuna parafujo iliyochongwa kamilifu. Kwenye mzunguko huo traka inatangulia kidogo, inatulia, inachelewa kidogo, inatulia. Picha zinazoangukia kwenye kutulia zinatoka safi, zinazoangukia katikati zinavutika. Angalia saa zilizoandikwa kwenye mafaili: ubovu ukirudi kila baada ya dakika 10 hivi, umeshapata mchawi.

Na hapo Magellan inaelezeka. Kosa la gia ni kosa la kasi ya mzunguko. Orion iko juu ya ikweta ya anga, mstari ulio katikati ya ncha mbili, inapokea kosa lote. Magellan iko digrii 69 kusini, karibu na ncha, duara lake ni dogo, inapokea kama theluthi tu. Kijiti cha pikseli 6 kule kinakuwa pikseli 2 huku. Macho yako yanakiita kitone.

#23 Binti wa Sayari
Nakubaliana na #22, na ndiyo sababu hapa kwetu karibu na ikweta watu wanaharibikiwa zaidi: vitu tunavyovipenda vinapita utosini na viko kwenye sehemu ya anga yenye mwendo mkali. Hata ile kanuni ya 500 gawanya kwa urefu wa lenzi upate sekunde za shata, kwa wasio na traka, ikifika Orion ipunguze.

#24 Simu ya Mkopo
Mimi sina kamera wala traka. Simu inaweza kupata hiyo nebula?

#25 Binti wa Sayari
@Simu ya Mkopo inaweza kuonyesha alama yake. Iegemeze isitikisike, weka modi ya kitaalamu, sekunde 3 au 4, piga nyingi, uzirundike (uziunganishe ziwe picha moja) kwa Siril, ni programu ya bure. Utapata kiwingu chenye rangi chini ya nyota tatu za mkanda. Mwanga wake umesafiri miaka 1,300 hivi, uupokee kwa heshima.

#26 MwanaMlalo
@Gia Kuukuu nimeangalia saa za mafaili. Ubovu unakuja kwa mafungu kweli, lakini si kila dakika 10. Mara 8, mara 13, na kuna fungu moja refu la robo saa nzima.

#27 Upepo wa Kaskazi
Hilo fungu refu ni upepo. Mtae nimelala mara kadhaa, ukingoni pale upepo unapanda kutoka nyikani unaanza jioni, unavuma kwa vipindi, usiku wa manane unatulia. Lenzi ya mm 200 iliyotazama juu ni tanga. Alipogeukia Magellan saa sita upepo ulishalala, na kamera ilikuwa imeinama upande wa kusini digrii 20 na kitu tu juu ya upeo. Mnahesabu gia wakati mtu alikuwa anapigwa na kaskazi.

#28 Gia Kuukuu
Upepo unafanya nyota iwe yai au njugu, hautoi kijiti kilichonyooka.

#29 Upepo wa Kaskazi
Upepo wa vishindo, sawa. Upepo wa kusukuma taratibu huku mguu mmoja unazama kwenye udongo mwekundu wa Usambara uliolowa umande? Kijiti kilichonyooka kabisa.

#30 MwanaMlalo
Udongo ulikuwa laini, siwezi kukataa.

#31 Mzee wa Mkunazini
Wanangu nawasoma kwa raha. Mimi mambo ya gia siyajui. Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, nyota aliyotufundisha kwanza ni Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Akisema: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Januari hiyo mliyoipiga Orion, Kilimia kiko hapo ubavuni mwake. Mbona hakuna anayekipiga?

#32 Binti wa Sayari
Shikamoo mzee. Kinapigwa sana, kina ukungu wa buluu unaopendeza kwenye picha. Na ule msemo unasimama hata kwa hesabu: mwishoni mwa Aprili Kilimia kinazama jioni na jua, ni masika, kinachomoza alfajiri mwezi wa Juni, mvua zimekatika.

#33 Chuma Chakavu
Hiyo ni nusu ya msemo. "Kikizama kwa jua" inakuwaje sasa?

#34 Mzee wa Mkunazini
Marahaba mwanangu. Nusu hiyo baba alikuwa akiihesabu kwa kuzama kwa alfajiri, si kwa jioni. Inaangukia vuli. Wengine Pemba wanaisoma vingine, tusigombane.

#35 Tumbo Joto
Mleta uzi, usiku huo wananchi hawakukusumbua? Rafiki yangu alikwenda na darubini milima hiyohiyo, kufika saa tano amezungukwa. Wanamwambia toa ramani. Ramani gani? Ya mali alizozika Mjerumani!

#36 MwanaMlalo
Hahaha. Ukionekana usiku mlimani na chombo chenye taa nyekundu, ama unatafuta rupia za Mjerumani ama wewe ni mwanga. Mimi mchana nilipita kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamwonyesha picha za zamani kwenye simu. Akaniletea vijana wawili wa kukaa nami. Ndio waliochemsha chai.

#37 Upepo wa Kaskazi
Vijana wawili wakitembea karibu na tripodi kwenye udongo laini. Naongeza tu kwenye orodha.

#38 Nanyuki Kwa Laini
Na kichwa cha tripodi je? Orion ilikuwa utosini kabisa, ukiwa Mtae inapita kama digrii moja tu kutoka katikati ya anga. Kamera imetazama juu wima, uzito wote wa lenzi umeangukia kwenye skrubu moja ndogo. Vichwa vya bei ya chini vinateleza polepole, huoni kwa macho. Tena kwenye latitudo zetu mhimili umelala, ile fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga miguu ya tripodi. Mimi huitoa, halafu traka inalalamika. Wewe uliiweka?

#39 MwanaMlalo
Sikuiweka, ni kwa sababu hiyohiyo, iligonga mguu.

#40 Nanyuki Kwa Laini
Wacha basi. Mizani imeegemea upande mmoja, gia inasukuma wakati mmoja na kuvutwa wakati mwingine. Hapo hata zile dakika 10 za #22 haziwezi kutoka sawasawa.

#41 Gia Kuukuu
Asante, umeniokoa.

#42 Fundi Saa
Hujaokolewa. Kosa la gia linavuta nyota mashariki–magharibi tu. Kosa la mhimili utosini linavuta kaskazini–kusini. Mleta uzi, vijiti vyako vimelalia wapi?

#43 MwanaMlalo
Vimelala mshazari.

#44 Fundi Saa
...

#45 Hesabu za Usiku
Mshazari wa kwenye picha hauna maana kama kamera ilikuwa imegeuzwa kidogo. Weka picha moja kwenye programu inayotambua nyota, ikuonyeshe kaskazini iko wapi, ndipo tuseme.

#46 Picha Bila Jasho
Mnateseka bure. Siku hizi kuna darubini janja, Seestar S50 kwa mfano: lenzi ya kipenyo cha mm 50, urefu wa fokasi mm 250, kilo 2 na nusu, unaiweka chini, unaiambia kwa simu "Orion", inatafuta, inapiga, inarundika yenyewe. Hakuna ncha, hakuna Polaris, hakuna dira.

#47 Gia Kuukuu
Na hakuna mpigapicha.

#48 Hesabu za Usiku
Ni chombo kizuri, ila nacho kina deni lake huku. Ikiwekwa wima kama kawaida inafuata kwa kupanda na kugeuka, kwa hiyo picha inajizungusha yenyewe polepole. Mzunguko huo ni mkali zaidi mtu akiwa ikweta, kitu kikiwa kaskazini au kusini na kikiwa karibu na utosini. Mashariki na magharibi unakaribia sifuri. Orion ikichomoza, raha. Orion ikiwa utosini, kingo zinakatwa.

#49 Picha Bila Jasho
Kingo nitazikata, nitalala saa nne.

#50 Nyika Kavu
Mimi naona kosa la kwanza ni kupanda mlima. Mnakimbilia Usambara kwa sababu ni juu, lakini Usambara ndiyo inayokamata unyevu wote unaotoka baharini. Mkomazi iko palepale chini, kwenye kivuli cha mvua, kavu, na taa hakuna. Ukungu, umande kwenye lenzi, udongo laini, vyote mmejitakia.

#51 Binti wa Sayari
Kuna ukweli, ila Mkomazi ni hifadhi ya taifa, huingii usiku na tripodi bila kibali. Na juu kuna faida: ukipanda mita 2,000 umeacha chini yako karibu sehemu moja ya tano ya hewa, na vumbi jingi. Kama ni mlima mkavu, mimi ningesema Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Uwanda uko mita 2,600 hivi, Njia ya Maziwa inapita karibu na utosi mapema tu usiku. Betri uzilaze mfukoni mwa ndani, kule kunaganda barafu. Ile barabara ya Chimala ya kona Hamsini na Saba ipandwe mchana.

#52 Nyika Kavu
Kipupwe hichohicho wanachoma misitu na mashamba nchi nzima. Agosti moshi mtupu upeoni.

#53 Binti wa Sayari
Ndiyo maana nimeanza na Juni.

#54 Jebel Man
Swali moja ambalo hakuna aliyeuliza: lenzi ina kizuia mtikisiko? Kilikuwa kimezimwa? Kikiwa kimewashwa juu ya tripodi kinatafuta mtikisiko usiokuwepo, kinasogeza kioo chenyewe. Mara picha safi, mara kijiti, bila mpangilio wowote. Nimeshaona.

#55 MwanaMlalo
Kinacho. Orion sikumbuki kama nilikizima. Baada ya chai nilipita swichi zote nikazima kila kitu ili kutunza betri.

#56 Tumbo Joto
😂😂😂 Kurasa tatu!

#57 Gia Kuukuu
Taratibu. Kizuia mtikisiko hakitoi mafungu ya dakika 8 na 13. Bado nina gia yangu.

#58 Fundi Saa
Nami nina mhimili wangu. Kwanza hayo mafaili ya Magellan ayapime kwa programu, si kwa macho. Nina hakika vitone vyake ni mayai.

#59 Hesabu za Usiku
Lipo jaribio la kutenganisha haya yote. Usiku wowote wa anga safi, hata nyumbani: zima kizuia mtikisiko, elekeza nyota yoyote angavu karibu na ikweta ya anga ikiwa utosini, piga sekunde 10 kila nusu dakika kwa dakika 30 bila kugusa. Usirundike. Panga picha zifuatane uone nyota inatembeaje. Ikienda mbele na kurudi mashariki–magharibi, ni gia. Ikihama moja kwa moja kwenda kaskazini au kusini, ni mhimili. Ikiruka hovyo, ni upepo au kichwa cha tripodi. Halafu irudie ukiwa umewasha kizuia mtikisiko. Na ukibeba kompyuta mpakato, programu ya bure N.I.N.A. ina njia ya kulenga mhimili kwa pointi tatu popote angani, haihitaji kuiona ncha, vilima visikuumize kichwa.

#60 MwanaMlalo
Nitalifanya mwezi ukifa tena. Mafaili ghafi ya usiku ule napandisha leo, mwenye programu ya kupima umbo la nyota ajihudumie. Mwenyekiti wa kitongoji amenipigia anauliza lini tunarudi, vijana wameipenda kazi. Nani yuko tayari? Kutoka Tanga gari lina nafasi mbili, mafuta tunachangiana.

#61 Upepo wa Kaskazi
Nafasi moja yangu. Nabeba mifuko ya mchanga ya kufunga kwenye miguu ya tripodi.

#62 Mama Tofali
Simenti haitakiwi huko?